Injini Ndogo Iliyomfukuza Ndugu Yangu

Baba Zuhura,

Salamu zako kutoka Gisenyi zimenifikia. Ami yako alikuja hapa mtaani Biryogo, akanywa chai yangu, akaniambia unataka turudiane. Jibu nimempa yeye awasomee mafundi cherehani pale barazani kabla hajakuletea, kwa sababu ulipomvunjia ndugu yangu heshima hukutafuta faragha.

Unakumbuka siku ulipolileta lile gari? Ulifungua boneti ukaniita nione injini, nami nikacheka kwa furaha, maana kweli ilikuwa ndogo. "Injini ndogo, kiu ndogo," ulisema. Ulilijaribu likiwa tupu, tena kwa mteremko hadi Nyabugogo, ukarudi ukimwambia kila mtu kwamba linatembea kwa harufu tu ya esansi, halihitaji petroli yenyewe. Tulikuwa bado wachanga katika ndoa, na nilikupenda hata uliposema upuuzi.

Kisha ukamwita seremala, akalijengea juu sanduku la mbao refu kuliko gari lenyewe, ili marobota ya vitambaa yasilowe. Yusufu, ndugu yangu, ndiye aliyekuwa akiliendesha kwenda soko la Ruhengeri. Alikueleza mbele yangu: "Shemeji, hii gari iko naumia. Mlima ya Shyorongi yote napanda na vitesi ya kwanza, gia ya chini kabisa, na upepo iko nasukuma ile sanduku, esansi iko naisha mbio." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ulimjibu kwamba injini ya namna ile haiwezi kunywa hivyo, labda esansi inauzwa njiani.

Ijumaa iliyofuata, watu wakitoka kuswali, ulimsimamisha mlangoni pa msikiti ukamletea Msahafu. Yusufu alikwenda kutawadha upya, akarudi, akaweka mkono, akaapa. Kwetu mtu akishaapa, maneno yamekwisha. Wewe ulisema, "Mwizi hashindwi na kiapo," mbele ya watu waliomjua tangu ananyonya. Alihamia Bukavu. Mama yetu alizikwa bila yeye, kwa kuwa hakuweza kupita tena katika vichochoro ambamo aliitwa mwizi.

Haya ningejilazimisha kuyameza, ningesema ulikosea tu. Lakini baadaye ulishika usukani mwenyewe, peke yako, na marobota yaleyale, na tangi likakauka hapohapo Shyorongi. Ulirudi kwa miguu na jerikani tupu, viatu vimejaa vumbi. Nilikuuliza safari hii ameiba nani. Ukasema, "Tangi inavuja," ukala, ukalala. Njia ya mwongo ni fupi, yako iliishia katika mlima ule. Ulijua, Baba Zuhura, na ukanyamaza. Ndiyo maana niliidai talaka yangu.

Fundi cherehani aliyelinunua lile gari aling'oa sanduku. Analipakia majora machache na kuzunguka nalo mjini. "Mama Zuhura, hii gari hainywi, iko naonja tu!" hunitania kila tukikutana. Mimi naenda Ruhengeri na pikapu yenye injini kubwa, marobota nimeyalaza chini ya turubai, na mlima inaupanda bila kulia. Inakunywa esansi kidogo kuliko kale kainjini kako kalivyokuwa kanakunywa na mzigo uleule. Wateja wako wote sasa ni wangu. Nilianza na yule uliyekuwa ukimjivunia zaidi, na nilifurahi, sitakuficha.

Unataka kurudi? Njoo Ijumaa. Simama mlangoni pale watu wakitoka, uweke mkono juu ya Msahafu, useme kwa sauti kwamba Yusufu hakuiba na kwamba ulilijua hilo. Nitakuwa ng'ambo ya barabara nikisikiliza, na maneno yako nitayapeleka Bukavu mwenyewe. Ukimaliza, niite, uniulize habari ya ndoa mbele ya watu haohao.

Nitakukatalia wakisikia.

Mimi,
Dada yake Yusufu