Mkono Juu ya Mkono

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu, huna adabu! Ungekuwa hapa ningekwambia usoni, lakini hupo, basi nakuandikia humu daftarini. Mtoto wa darasa la tatu unamsimamisha mbele ya wenzake na kumwita mwongo. Kisa? Kazi ya nyumbani kaiandika vizuri. Makubwa haya!

Kijiti karudi macho yamevimba. Mjukuu wangu si mtoto wa kulialia. Jino lilipong'oka alitema, akaendelea kucheza. Leo kakaa kizingitini na begi mgongoni, hataki kulivua, hataki kula. Nimembembeleza, nimemfokea, mwisho kasema. Mwalimu kaliinua daftari lake la nyumbani na la darasani, kauliza darasa zima kama mwandiko ule ni wa mtu mmoja. Wenzake wakaangua kicheko.

Huyo mwalimu watoto wamempa jina la Rula. Anapita kwenye madawati na rula yake anapima herufi, mkia wa herufi ukizidi kidogo tu, anafuta. Na wana utaratibu wao pale: mtoto anaandika kwa penseli mpaka Rula aridhike na mwandiko wake. Ndipo anakabidhiwa kalamu ya wino, darasa linampigia makofi. Wenzake Kijiti karibu wote wameshavuka. Yeye bado penseli. Ijumaa kuna imla, Rula anasoma, wao wanaandika, na atakayefanya vizuri anapewa kalamu. Sasa Rula kasema mwongo haandiki imla, atakaa nyuma atazame wenzake.

Nimemweleza mkwe wangu. Alikuwa kwenye cherehani, sare za shule zimejaa mpaka kitandani. Hakuinua hata uso. Eti, mama, tuyaache, mtoto atasahau. Mama mzazi huyo! Sare anashonea shule ile ile, kwa hiyo walimu hawaguswi. Sawa. Atakwenda bibi.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda. Nimerudi. Sijui hasira yangu niiweke wapi.

Nilimkuta darasani, chaki mkononi. Kijana mdogo tu! Shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali. Shikamoo yake nikaiitikia kwa pembeni, nikaanza. Nilimpa vidonge vyake vyote. Nikamwambia mimi niliishia darasa la nne lakini herufi zangu zinasimama wima, na mjukuu wangu karithi kwangu, kwa hiyo aangalie mdomo wake. Watoto penseli hewani. Nilijisikia vizuri, nisiseme uongo.

Rula kanisikiliza mpaka nilipoishiwa. Kisha akasema basi, bibi, mtoto mwenyewe aandike ubaoni, sentensi fupi tu, *mama anashona nguo*. Nikasema aandike! Tena nikamsukuma Kijiti mgongoni kwa mkono wangu huu.

Kaishika chaki kama kashika mende. Herufi ya kwanza kubwa kama sufuria. Ya pili ikateleza chini. Ya tatu hakuimaliza. Kagusisha chaki ubaoni akasimama — kanyoosha mkono, anangoja. Kama mtoto pembeni ya barabara anayengoja mkubwa amshike avuke. Akageuka kunitazama. Mimi ningefanya nini?

Hakuna aliyecheka safari hii. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Rula kanisindikiza mpaka mlangoni. Kasema kwa sauti ya chini hamchukii mtoto, anataka tu kuona anachoweza yeye mwenyewe. Nikamjibu na mimi nataka kuona aliyemtuma kumwita mwongo. Akarudi darasani.

Njiani Kijiti kanishika kanga. Ningefungua mdomo ningesema ya kujutia.

Jumatano, 5 Machi

Nimeona! Kwa macho yangu mawili!

Nilikuwa jikoni nachambua mchele, mlango wazi. Kijiti yuko mezani na kazi ya shule. Mama yake kaacha cherehani, kasimama nyuma yake, kainama, kaufunika mkono wa mtoto kwa mkono wake. Mkono juu ya mkono. Penseli inakwenda taratibu, imenyooka kama uzi. Na mtoto anatazama wapi? Mjusi ukutani! Hata hajui wanaandika nini!

Ungo nimeubwaga, mchele ukamwagika. Nikamuuliza mkwe anafanya nini. Akashtuka kama mwizi, lakini mkono hakuutoa. Nikauliza tena kwa sauti ambayo jirani kaisikia bila shaka, na aisikie.

Kasema ilianza na herufi moja, darasa la kwanza huko. Ilipinda, akainyoosha. Kesho yake mstari. Sasa ukurasa mzima.

"Mshono ukipinda nafumua, mama. Siwezi kuutazama nikauacha. Hata nikifumba macho nauona."

Nikamwambia huyu si sare! Huyu hafumuliwi! Miaka yote hii amemfunga mtoto mkono halafu anamwacha asimame ubaoni peke yake, na Jumatatu kasikia yote akaniambia tuyaache. Alijua! Mimi nakwenda kujivunia mbele ya watu na yeye yuko hapa anapindia kitambaa!

Kijiti akauliza katikati ya kelele zangu.

"Bibi, kwani mimi ni mwongo? Penseli nilishika mimi."

Mtoto hakudanganya mtu. Alidhani ndivyo kuandika kulivyo — unashika penseli, halafu mama anakuja.

Mama yake akanywea. Kaenda kuokota mchele bila kuambiwa. Nimemwacha aokote.

Alhamisi, 6 Machi

Leo mimi nimekaa mezani na Kijiti. Mkwe nimempiga marufuku kusogea. Nimemwandikia Kijiti mstari mmoja wa mfano juu ya ukurasa. Kautazama sana, kichwa kakilaza upande, kasema bibi, herufi zako zina kiuno. Mtoto huyu! Nimemwambia zako hata miguu hazina, andika.

Kaandika. Mwanzo kila herufi anasimama kungoja, mkono umelegea. Nikawa nampigia meza: endelea, hakuna anayekuja. Kapinda, katoboa karatasi, kafuta mpaka pakawa peusi. Kuku wangetembea pale wasingefanya vibaya zaidi. Lakini mstari wa mwisho hakusimama hata mara moja. *Mama anashona nguo.* Mbaya! Umepanda kama ngazi. Lakini wake.

Mkwe alikuwa anachungulia. Vidole vinamcheza kwenye kitambaa. Nikamtazama tu, akarudi kwenye cherehani yake.

Baada ya hapo nikamwambia lililobaki. Kesho atakwenda darasani aseme mbele ya wale wale waliocheka kwamba ule mkono ulikuwa wake, mtoto si mwongo, na aruhusiwe kuandika imla. Hata akipata sifuri, aipate yeye. Akalia. Eti walimu watamwonaje, sare za mwaka mzima wanampa yeye, wazazi wote wanamjua.

"Uso wangu nitauweka wapi, mama?"

"Hapo hapo ulipouweka wa mtoto."

Mwanangu, baba yake Kijiti, kapiga simu kutoka safarini, sijui nani kamwambia, kasema mama, msigombane. Nimemwambia aangalie barabara, lori halijiendeshi.

Niende mwenyewe nikaseme kwa niaba yake? Siendi. Nilishasema Jumanne, ikawaje? Neno hili ni lake.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi. Naandika nimesimama.

Imla ni kipindi cha kwanza. Kijiti keshanywa uji, begi mgongoni, penseli kaichonga mpaka imebaki kama kidole. Ananong'ona herufi peke yake hapo mlangoni. Mara anatazama barabarani, mara anamtazama mama yake.

Mama yake kavaa gauni la kutokea. Nywele kachana. Kisha kaketi kwenye cherehani. Anakanyaga, sindano inapanda inashuka, na chini yake hakuna kitambaa.

Sikumgombeza. Leo sauti imegoma kupanda. Nimeiondoa miguu yake kwenye pedali, mmoja baada ya mwingine, nikamwekea viatu mbele.

"Vaa. Mtoto anakungoja. Ukifika mlangoni pa darasa usimshike mkono — ingia mbele yake, useme."