Nyota ya Kumi na Saba

Shoga, uko? Nimejifungia chooni kazini.

Unaijua ile ramani yangu ya joto la nyota, ile tunayopimia kama kamera ya setilaiti inaona sawasawa? Tunachagua nyota ambazo mwanga wake haubadiliki, ndizo rula yetu.

Sasa nyota ya kumi na saba kwenye orodha yangu inabadilika. Mwezi jana niliiona inapanda na kushuka. Nikasema aah, hivi ni vipimo vibovu tu, nikavifuta, nyota nikaiacha kwenye ramani. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu!

Leo kikaoni picha za kamera zimegoma kufanana na ramani. Bosi kamgeukia fundi aliyeitengeneza kamera, yule mzee mpole.

Mzee akaniuliza mbele ya watu wote, “Mwanangu, nyota zako ziko sawa?”

Nikasema ziko sawa.

Shoga, nilisema ZIKO SAWA. Hata sikupepesa macho.

Akainamisha kichwa. “Basi kosa ni la kamera yangu.” Bosi akaandika hivyo hivyo kwenye ripoti.

Tulipotoka akanishika bega, akaniambia taratibu, “Nisamehe mwanangu, nimekuharibia ramani yako.”