Mzee wa Kona ya Myllyoja

Jyväskylä,
Novemba 3.

Mpendwa binamu Raimo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Kanada? Sisi hatujambo. Mama ametimiza themanini na nne na bado anachemsha kahawa yake ileile nzito.

Miaka thelathini hujakanyaga huku, nami sikulaumu. Ila barua hii isome ukiwa umekaa.

Unajua kazi yangu ni kutengeneza michezo ya kompyuta ya mbio za magari. Wanaoanza walikuwa wakiingia mtaroni mara tatu, wanazima, hawarudi tena. Basi nikawawekea msomaji wa kona, sauti ya kumtajia dereva kona iliyo mbele, kama Baba alivyokusomea wewe kwenye rali. Njia ya mchezo ni ileile yenu, kwa hiyo nilichukua daftari lake la kona lililookolewa garini siku ile ya ajali, nikalisoma kwa sauti yangu, taratibu.

Jumanne alikuja kujaribu Bi Lempi, mfumaji mstaafu, hajawahi kushika usukani. Kufika kona ya Myllyoja, palepale alipofia Baba, daftari halina neno. Kila mgeni hutumbukia mtoni. Yeye akafunga breki, akapita.

Nikamuuliza amejuaje.

"Si yule mzee kaniambia? 'Kushoto, kali, breki, kijana wangu.' Kijana, mimi na miaka yangu sabini! Mbona umempa kona moja tu? Anasoma vizuri kukushinda."

Hakuna mzee, Raimo. Sauti iliyomo mchezoni ni yangu peke yangu. Tangu hapo wengine sita wamemsikia, wote wanaoanza. Mimi nimejaribu hadi vidole vikafa ganzi, simsikii, na inaniuma.

Nikalirudia daftari. Karatasi moja ilikuwa nene kuliko nyingine. Nikaishika juu ya mvuke wa birika, zikaachana kurasa mbili zilizogandana kwa kahawa iliyomwagika kutoka chupa aliyowafungia Mama. Ndani kuna mwandiko wake: Myllyoja, kushoto, kali.

Umejilaumu miaka yote kwamba alisoma nawe hukusikia. Hakusoma. Hapakuwa na cha kusikia.

Nilimwonyesha Mama. Akasema, "Nimemwonea mtoto wa watu kumlaumu miaka yote hii. Mwandikie."

Jana nikamkalisha yeye kwenye usukani. Alipita Myllyoja bila kugusa ukingo, akavua hedifoni na kuzipakata.

"Anauliza kama Raimo alitoka salama," akasema. "Nimjibu nini?"

Wasalimie Carol na wanao. Mungu akushike mkono njiani, maana nakungoja uje umjibu mwenyewe.

Nduguyo akupendaye daima,
Päivikki