Maini ya Made Hayakupotea Njiani

Haukiperä, Februari 1984

Kaka yangu Tauno,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi ni wazima, ila Baba kikohozi kimemng'ang'ania, naye sigara haachi. Wifi Brita anaendeleaje na ujauzito? Miguu bado inamvimba?

Barafu ya ziwa ni nene mwaka huu, na Baba ametoboa mashimo yake yote ya kuvulia made, samaki wetu wa majira ya baridi. Jumapili ya kwanza ya Februari tulimpasua jike wa kwanza, chapati za bilini zimeshaiva zikisubiri mayai yake. Tumboni hamna yai hata moja. Mwezi huu jike huwa amejaa hadi anashindwa kujikunja, wewe mwenyewe unajua. Tukapasua wengine: vifuko vya mayai vyembamba kama kamba ya kiatu. Bilini tukazila na vitunguu.

Jirani yetu Urho alicheka hadi akakaa chini. "We mzee, umevua watawa!" Baba akamjibu kwamba samaki wamechelewa tu, na kwamba asiyejua kunoa ndoana asimfundishe ziwa. Lakini kesho yake akahamisha mashimo yote, mbali na pale mto unapoingia kutoka kwenye kiwanda chenu cha karatasi. Huko nako mambo yakawa yale yale.

Sasa lililonifanya niandike, maana kwa simu Baba angesikia. Alitenga maini ya made mnene kuliko wote kwa ajili ya wifi, kama Mama alivyopewa alipotubeba sisi. Aliyafunga vizuri akanipa nipeleke posta. Baba akikuuliza kama yamefika, ujue hayakupotea njiani, kaka. Niliyatuma maabara ya chuo kikuu, nikaandika na jina la kiwanda chenu. Wamejibu kwamba yamejaa sumu itokanayo na klorini ya kung'arishia karatasi, na wanadhani ndiyo inayowanyima samaki mayai. Wakaguzi watafika langoni kwenu Jumatatu. Bomba la kumwaga maji machafu ya kiwanda mtoni msimamizi wake ni wewe, na najua lawama zitaanzia kwako. Naogopa utanichukia. Lakini kumlisha wifi kitu kile sikuweza.

Baba hajui lolote. Simu ikilia anainuka mbio, akidhani ni wifi anashukuru. Nimejaribu kumwambia, nimeshindwa. Mpigie wewe, kaka, umwambie maini yale yalikuwa na nini.

Msalimie sana wifi.

Mdogo wako,
Kerttu