Nguzo Tisa za Magodoro

Jumatatu, 3 Machi

Dashibodi ya mauzo imekamilika! Maduka tisa ya magodoro, kila duka na nguzo yake kwenye skrini. Lililofikia lengo kijani, lililopungukiwa nyekundu. Fonti nimebadilisha mpaka nikachoka. Nembo ya kampuni nimeisogeza kushoto, kulia, kisha nikairudisha kushoto. Mume wangu akauliza kama napamba bibi harusi. Nikamwambia bibi harusi ana nafuu, haitwi kikaoni kila mwezi.

Kikao kilikuwa asubuhi. Mzee – ndiye mkurugenzi, ila hakuna anayemwita hivyo – aliitazama skrini, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Vizuri. Pamechangamka."

Pamechangamka! Kazi yote ile!

Kisha akamgeukia mhasibu wetu, ambaye sisi kwa siri tunamwita Bwana Desimali, akamuuliza hali ikoje. Bwana Desimali akamsomea duka moja moja, na nukta zake zote, mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Habari ya kufunga duka moja ipo tangu mwaka jana, kwa sababu kodi za majengo zimepanda. Mwisho Mzee akasema tusiharakishe, tuangalie kwanza. Mwezi uliopita alisema hivyo hivyo.

Nimekasirika kidogo. Si kidogo.

Jumanne, 4 Machi

Printa imeishiwa wino wa rangi. Mzee anataka nakala ya karatasi, na kwa wino mweusi nguzo zote zinatoka kijivu kimoja. Nikazichorea mistari zile zilizopungukiwa, nikampelekea huku naomba radhi tangu mlangoni.

Hakunisikia hata. Aliisoma ile karatasi kama mtu aliyeletewa matokeo ya mtihani wa mwanawe. Kisha maswali! Kumbe maduka yaliyopungukiwa ni matatu? Tangu lini? Mbona hakuambiwa?

Jana yalikuwa hayo hayo matatu, mekundu kama pilipili, mbele ya macho yake. Sielewi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeelewa.

Leo ameniambia nimpe faili jekundu lililo juu ya kabati. Nikampa jekundu. Akalifungua, akasema si hili, lile jingine. Lile jingine ni la kijani. Akalipokea, akaendelea na kazi zake, wala hakushtuka.

Mjomba wangu alikuwa hivyo. Akitumwa nyanya zilizoiva, analeta mbichi, na mkewe alidhani ni uvivu mpaka daktari wa macho alipompima. Mzee haioni tofauti ya nyekundu na kijani! Kumbe kila mwezi tunamwekea ukuta wa rangi, naye anakaa hapo na heshima zake, akisubiri kusomewa. Nilipokuwa nimenuna kwa "pamechangamka", yeye alikuwa anatafuta neno la kusema asiumbuke. Nimemwonea huruma kwa kweli.

Nani amfunge paka kengele? Mimi simo. Sitamwambia yeye wala mtu mwingine. Nitaibadilisha ripoti, basi.

Jumapili, 9 Machi

Wifi amekuja na watoto wake wawili. Dada wa mume wangu huyu, tunataniana tangu nilipoolewa – yeye anasema nilimwibia kaka, mimi nasema alikuwa amedoda, nilimchukua kwa huruma. Yeye ndiye msimamizi wa duka la saba. Nafasi aliiomba mwenyewe na akaipata kwa haki yake. Watoto anawalea peke yake, na duka hilo ndilo linalowalisha.

Akatuhadithia habari za mabomba ya maji. Barabara ya mbele ya duka lake imechimbwa, mtaro unamfikia mtu kiunoni. "Mteja analipenda godoro, wifi, analilalia kabisa, karibu akorome! Halafu anautazama ule mtaro, ananiambia atarudi. Unavukaje na godoro la sita kwa sita kichwani?" Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Hajui kwamba duka lake ni moja ya yale matatu. Tena ndilo la mwisho kabisa. Sikusema kitu, maana ya kikaoni hayatoki kikaoni. Mume wangu aliporudi kutoka kumsindikiza dada yake akaniuliza duka liko salama? Nikamwambia mitaro hufukiwa. Sikumdanganya. Lakini sikumjibu pia, na anajua.

Jumatatu, 10 Machi

Kijani na nyekundu nje. Buluu na chungwa ndani, hizo mjomba alikuwa hazikosei. Zaidi ya hapo nimeweka mishale: juu kwa lililofikia, chini kwa lililopungukiwa. Na neno kubwa kwenye kila nguzo. Halafu nikazipanga kuanzia ndefu mpaka fupi. Hata mtu akisimama mlangoni ataisoma.

Nikarudi nyuma, nikasimama mlangoni nijaribu. Kitu cha kwanza kuonekana: duka la saba. Limekaa mwisho, fupi, PUNGUFU, mshale umeelekea chini.

Nikakaa chini.

Ningeweza kurudisha rangi za zamani, nani angejua? Bwana Desimali angesoma nukta zake, Mzee angesema tuangalie kwanza, na Wifi angeendelea na kazi yake. Nimeliwaza hilo, naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu. Kisha nikaona aibu. Mtu mzima nimfiche kitu kwa kutumia macho yake mwenyewe? Hapana.

Jumatano, 12 Machi

Programu hii ina kitu nakipenda: ukipitisha kishale cha kipanya juu ya nguzo, kisanduku kidogo kinafunguka na maelezo. Ukiondoa kishale, kinajifunga. Kwa duka la saba nimeandika: "Barabara mbele ya duka imechimbwa. Wateja hawafiki."

Ni kweli tupu. Jana nilipitia huko nikauona mtaro kwa macho yangu, na mbwa amelala ndani yake.

Lakini najijua. Nimeyaweka mahali ambapo hayaonekani mpaka mtu aguse. Nikipata nafasi nitagusa, nisipopata, basi imekula kwetu. Huo ndio ushujaa wangu.

Ijumaa, 14 Machi

Kikao maalumu. Wenye majengo wanataka kujua nani anaendelea na mkataba na nani anatoka, kwa hiyo leo hapakuwa na tuangalie kwanza.

Nikawasha projekta. Bwana Desimali akasafisha koo: "Duka la kwanza, asilimia mia moja na nne nukta –"

Mzee akainua mkono. "Ngoja. Nasoma mwenyewe."

Akainuka, akaenda mpaka kwenye skrini. Akawa anafuata nguzo kwa kidole, moja baada ya nyingine, midomo inacheza kidogo. Nilitaka kupiga makofi! Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, mpaka kidole kilipofika mwisho na kusimama.

"Hili lina nini?"

"Hilo ndilo la kufunga, Mzee," Bwana Desimali akasema. Bila ubaya. Ndivyo hesabu ilivyosema.

Mkono wangu ulikuwa juu ya kipanya. Nikagusa. Kisanduku kikafunguka pale pale chini ya kidole chake, naye akakisoma kwa sauti. Akageuka.

"Nani kakwambia?"

"Msimamizi wa duka, Mzee. Na nimekwenda kuona."

"Msimamizi mwenyewe nani?"

"Wifi yangu."

Mtu mmoja akakohoa. Bwana Desimali akaikagua kalamu yake kwa makini sana, Mungu ambariki. Mzee akaonyesha nguzo ya pili kutoka mwisho, duka la nne. "Gusa na hili."

Nikagusa. Kisanduku kikafunguka. Kitupu.

"Na hili." Kitupu. "Na hili." Kitupu! Vyote vilivyobaki, vitupu.

"Hawa wengine hawana mitaro?"

Ardhi ingepasuka ningeingia. Haikunijia hata kidogo! Siku zote hizi nahangaika na haki, haki ya macho ya Mzee, haki ya Wifi, na wale wengine wanane sikumpigia simu hata mmoja. Sikutaka kupendelea. Na nimependelea, mchana kweupe, kwa projekta.

Hakupandisha sauti. Alisema Jumatatu anataka visanduku vyote viwe na maneno. Niwaulize wana tatizo gani, ila nisiwaambie kwa nini nauliza, asije akaletewa visingizio. Na kama la saba kweli ni mtaro, linabaki, na zamu ni ya lile la nne, isipokuwa nalo liwe na la kusema.

Watu walipotoka akasimama kwenye meza yangu. "Hii mpya inasomeka," akasema, taratibu. Nikasema asante, Mzee. Sikuweza kumtazama.

Jumamosi, 15 Machi

Napiga simu tangu asubuhi, chumbani, mlango nimefunga.

Ukimuuliza mtu tatizo lake hakawii. Wa duka la pili, umeme. Wa tano, paa linavuja na magodoro ya juu yananuka. Wa tisa, mpinzani kafungua duka ng'ambo ya barabara na anatoa mto wa bure. Hata la kwanza, linaloongoza, lina malalamiko ya kujaza kurasa. Naandika yote.

Duka la nne nimeliacha mwisho. Msimamizi sijawahi kumwona. Sauti ya mtu mzima, ya taratibu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza nyumbani hawajambo. Nikamuuliza dukani kwake kuna tatizo lolote?

"Hakuna, binti yangu. Huku tunamshukuru Mungu. Waambie wakubwa wasiwe na wasiwasi na sisi."

Barabara? Nzuri. Umeme? Upo. Wateja? Akacheka. Biashara ina kupanda na kushuka, akasema, na yeye si mtu wa kwenda kulialia ofisini. Nikauliza tena, karibu nimtie maneno mdomoni: hakuna hata kitu kidogo, baba, ambacho ungependa kijulikane?

"Ukiona nimenyamaza, ujue mambo ni mazuri." Akanitakia siku njema.

Nimeandika "Hakuna tatizo." Nikafuta. Nikaandika tena, kwa sababu ndivyo alivyosema. Mtu huyu ananiumiza roho na hata sura yake siijui. Waliolalamika wote wamepona, na yeye anafungiwa duka kwa adabu yake!

Wifi yuko sebuleni. Mume wangu, ambaye jana usiku nilimsimulia kwa siri, ameshindwa kuzuia mdomo, amemwambia kila kitu: mshale, kisanduku, kidole cha Mzee. Nawasikia watoto wanaruka kwenye kochi. Anagonga mlango. "Wifi, toka huko! Toka nikubebe mgongoni!" Analia na kucheka pamoja. Nami nafurahi kwa ajili yake, nafurahi kweli, lakini simu bado iko mkononi.

Nimemwambia naja.

Mzee alisema nisiwaambie kwa nini nauliza. Alisema wazi, mbele ya watu wote.

Nimepiga tena duka la nne. Inaita.