Hema Lako la Kijani

Muhungu, Ibanda,
Bukavu.
Tarehe 13 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Gentil,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Habari za Glasgow, habari za baridi, habari za kazi, na ule mgongo uliokuwa unakusumbua? Sisi huku tuko, Mungu anatulinda. Maman anaendelea, isipokuwa jicho la kulia sasa halioni kabisa, na goti linamzuia kushuka hadi ziwani. Mimi ni mzima. Nimekusalimu kama tulivyolelewa, sasa niache nikwambie kwamba nina hasira nawe.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu ya nyumbani inakaa mikononi mwa Maman tangu asubuhi, na kila sauti ya kurekodiwa inayoingia anaisikiliza yeye wa kwanza. Ndivyo alivyoisikiliza na ile yako ya wiki jana. Barua hii anaibeba Delphin, mtoto wa jirani yetu Papa Gaston, anayerudi Ubelgiji, na atakutumia kwa posta kutoka huko. Ndiyo, Delphin alikuja. Uwanja wa ndege wa Kavumu umefungwa kwake kama ulivyofungwa kwako. Alipita Kigali, akavuka mto Ruzizi, akakaa na mama yake siku kumi na nne.

Ulisema hivi, nimeshika kila neno: "Dada, nilipata congé ya juma tatu mu mwezi wa sita. Nitazunguka bisiwa na kinga, kila siku nitalala mu hema, fasi yenye hakuna watu." Ukacheka mwishoni, mtu mwenye likizo. Maman hakusikia kicheko. Alisikia hema.

Gentil, umeondoka hapa miaka tisa, labda umesahau. Huku mtu halali ndani ya hema kwa kupenda. Anayelala humo ni yule aliyefukuzwa kwake. Na kinga, hiyo baiskeli yako, tangu tukiwa wadogo kule Walungu, anayeshinda njiani na kinga ni yule anayesukuma makaa na mihogo ya wengine kwa kukosa kazi nyingine. Maman aliyaunganisha maneno yako, akapata habari nyingine kabisa. Kisha ikaingia picha: wewe umechuchumaa mbele ya kihema cha kijani, mvua inakunyeshea, ndevu hazijanyolewa, kofia ya koti imekufunika hadi nyusi. Akaisogeza karibu na jicho lake zima, akasema: "Walimufukuza. Mutoto yangu iko analala inje, na anaogopa kutuambia."

Nilijaribu kumweleza palepale. Nilimwambia watu wa huko wanafanya hivyo kwa kujifurahisha, wanaacha kitanda na kwenda kulala kwenye majani mabichi, na kwamba wewe umejaribu tu hema lako katika bustani. Akaniuliza kama nikipata habari ya kifo chako nitamficha vilevile.

Sasa sikia ulichotuletea. Jumatano Maman alisimama kwenye shirika letu la kanisa, akaomba wamama wakuombee. Tangu hapo wanakuja nyumbani kila jioni na rozari zao. Maman Mapendo alileta unga wa muhogo kwa ajili ya mkimbizi wetu wa Ulaya, ndivyo alivyokuita. Niliupokea kwa mikono miwili. Ningesema nini? Kwamba mkimbizi wetu ana nyumba ya matofali yenye maji ya moto, na shida yake kubwa mwezi huu ilikuwa kuchagua rangi ya hema?

Aimée, binti wa shangazi yetu wa Kamanyola, yuko hapa kwetu na watoto wake tangu Aprili. Yeye alilala chini ya hema miezi miwili, ng'ambo ya mto, walipokimbia vita. Nilitegemea angalau yeye acheke. Hakucheka. Alivuta kiti karibu nami, akaniomba nikuandikie haya: usisimamishe hema mahali pa chini, hata pakiwa pakavu. Chimba mfereji kulizunguka kabla mvua haijaja. Viatu uviingize ndani. Vitambulisho ulale navyo mwilini. Wala usimwambie mtu usiyemjua kwamba uko peke yako. Alikuwa anasema taratibu, anafikiri asije akasahau kitu. Nimeyaandika kama alivyoyasema, na aibu ambayo ilikuwa yako niliiona mimi.

Na si hayo tu. Chumba cha nyuma alichokuwa analala Aimée na watoto, Maman amemwomba akiachie. Aimée alihamishia mikeka sebuleni. Maman amekifagia mwenyewe, na goti lile, akakutandikia kitanda kwa blanketi ya mistari aliyotuachia Papa. Kila anayeingia anaambiwa Gentil yuko njiani.

Usidhani nakukasirikia kwa ajili ya baiskeli. Ingekuwa una likizo mbili, ningekwambia nenda, zunguka visiwa vyote vya Scotland, uwaangalie hao ndege wa baharini unaotusimulia kila mara. Lakini Krismasi ulituambia congé haipatikani. Pasaka ulituambia njia ni mbaya. Nilikuamini, na nilimtuliza Maman kwa maneno yako. Sasa congé imepatikana, wiki tatu nzima, na njia ya kufika kwenye kisiwa kisicho na watu umeitafuta mpaka saa za meli unazijua kwa kichwa. Hilo ndilo linaloniuma. Siku hukuzikosa. Ulizigawa, na sisi hatukuwemo.

Utaniambia nimweleze Maman tena na tena mpaka akubali. Naweza. Delphin alitaka kumwonyesha kwenye simu yake watu wanaocheka mbele ya mahema yao, wazee kwa vijana, na baiskeli zimelazwa kando. Ni mimi niliyemzuia. Siku Maman atakapoamini kwamba hema ni mchezo wako, najua atakachoniuliza: "Kama hakuna mwenye kumufukuza, juu ya nini hakuye?"

Kwa nini huji nyumbani, hilo ni swali lako, na sitalibeba kwa niaba yako. Jumapili ya kwanza baada ya kuipata barua hii, misa ya pili ikiisha, piga simu. Usitume picha. Mjibu mwenyewe, akusikie.

Msalimie Josué mnayekaa naye. Wanakusalimu Aimée na watoto, Papa Gaston na Maman Mapendo pamoja na shirika lote, ambao hawajaacha kukuombea. Maman hajui kwamba naandika, lakini baraka anayokupa kila jioni naijua, kwa hiyo naiweka hapa kama anavyoisema: Mungu akupatie nyumba, mwanangu, na mlango wa kuingilia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na hasira zangu zote,

Euphrasie