Kondoo wa Kumshukuru Meneja

Pasiansi, 3 Juni 2024

Baba, shikamoo. Hamjambo hapo Kayenze? Mgongo wa mama umepoa? Mimi mzima.

Kazi nimepata! Kile kiwanda cha minofu ya samaki cha Igogo kinanitaka niwe mkaguzi wa ubora. Ila meneja, Bwana Machibya, ametaja laki tatu kwa mwezi. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba kwa diploma yangu, na zamu za usiku juu, naomba laki tano. Hakukasirika. Kasema atanijibu Ijumaa. Baba, naogopa, lakini sirudi nyuma. Niombeeni tu.

Mwanao, Modesta

Kayenze, 6 Juni

Marahaba mwanangu. Huku tupo, mgongo wa mama yako ni ule ule.

Habari yako ilinikosesha raha. Laki tano! Mtu anakupa kazi, wewe unambishia bei kama mnunuzi wa dagaa? Hapana. Jana nilimfunga kamba yule kondoo dume, nikapanda gari mpaka Igogo, nikamkabidhi Machibya. Kumbe ni mtu wetu kabisa, wa Magu, tukaongea Kisukuma mpaka basi! Nikamwambia: huyu binti ni wako, mlee, chochote utakachompa atapokea. Alicheka sana, akanipa mkono. Tulia sasa, mambo yameiva.

Baba yako, Luhende

Pasiansi, 7 Juni

Shikamoo baba.

Nimetoka Igogo sasa hivi. Machibya hakunikaribisha hata kiti. "Mzee ameshamaliza kila kitu," akasema. Laki mbili na nusu, miezi sita ya majaribio, ndipo tutazungumza. Hata ile tatu imeyeyuka! Nilipofungua mdomo akaniuliza kama nataka kumwaibisha baba yangu.

Baba, alipoolewa dada Kashindye ulikaa siku mbili ukibishania ng'ombe, na mmoja ukamkataa kwa kuwa amekonda. Hukuona haya. Mimi umenitoa bure, na kondoo ukaongezea. Inaniuma sana. Nimelia mbele za watu.

Mwanao, Modesta

Kayenze, 9 Juni

Mwanangu, hata hali yako hukuandika. Mama yako anauliza kama unakula.

Usinifokee. Mahari ni mahari, kazi ni kazi. Ulitaka nimwendee mtu mikono mitupu? Vijana wangapi wana vyeti na wanauza vocha hapo Igoma? Nimefanya anachofanya mzazi. Mpelekee Machibya salamu zangu, mwambie nimeomba akuongezee kidogo. Atanisikiliza, yule ni mtu wetu.

Baba yako

Pasiansi, 2 Julai

Baba,

Nimesaini. Mwenye nyumba alikuwa ameshagonga mlango mara mbili.

Salamu zako nilizifikisha. Machibya kasema kondoo alikuwa mtamu, na kama unaye mwingine asikatae kuja mjini. Wenzake wote ofisini wakacheka, na mimi nikacheka nao, ningefanyaje?

Tumeanza kazi wawili, mimi na Queen, niliyesoma naye darasa moja. Meza moja, zamu moja, kisu na kipimajoto vya aina moja. Naye aliomba laki tano, akang'ang'ana, akapewa.

Queen ni yatima, baba. Hakuwa na mtu wa kwenda kumsemea.

Modesta